Miche Iliyotangulia Mahindi

Siku tuliyomzika Bi Kidawa, mwanamke mmoja aliyetoka Vigwaza aliuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, mimi ni nani hata nikae chumba cha ndani pamoja na wafiwa. Mwanahawa, binti wa marehemu, alimjibu kwa mkato, "Huyu ni wetu," akaendelea kukunja nguo za mama yake. Yule mwanamke hakuridhika. Nilimwona akinitazama uso, kisha akimtazama Mwanahawa, akitafuta mahali tunapofanana asipaone. Msibani si mahali pa kujieleza. Lakini tangu nirudi nyumbani swali lile nalala nalo na kuamka nalo, na kwa kuwa mtu pekee aliyekuwa na haki ya kunikataza kusema sasa yuko mchangani, nitaeleza mambo ya mwaka mmoja, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mke wa Hamisi, nikiishi katika kambi ya msituni. Habari za ukoo wangu hazina kazi hapa.

Kambi ilikuwa ndani ya msitu wa serikali, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Lugoba, upande wa kuelekea baharini. Ile vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha miaka michache tu, na miti mikubwa ilikuwa imekatwa karibu yote. Serikali ya Waingereza ikaruhusu watu walime pale palipokatwa, kila nyumba na kipande chake, kwa sharti moja: katikati ya mahindi na mihogo yako uoteshe mibambakofi, miti ya mbao ngumu, uitunze, na miti ikishakuwa mikubwa uhame kipande hicho upewe kingine. Ardhi ilikuwa mpya, nyeusi, na mahindi yalizaa hata sisi watu wa pwani, tuliozoea mchanga, tuliona aibu kwa wingi wake. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, chumba kimoja na ukumbi mwembamba, na harufu ya mti mbichi haikutoka ukutani mwaka mzima. Msimamizi wa kambi alikuwa Mzee Rajabu, mjomba wa mume wangu. Yeye ndiye aliyetupatia kipande, na Hamisi hakuwahi kusahau hilo, wala hakuachiwa asahau.

Jirani yetu alikuwa Bi Kidawa, mjane wa makamo, mwembamba, mvutaji wa ugoro, mwenye ulimi mkali. Alilima peke yake kipande kilichoandikwa kwa jina la marehemu mumewe. Watu walimheshimu lakini hawakupenda kukaa naye, kwa sababu ukimwambia jambo alikuuliza umelijuaje. Mimi alinipokea kwa namna yake. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaitazama mikono yangu, akasema, "Hiyo ni mikono ya kusuka ukili wa mikeka. Njoo nikufundishe kushika jembe."

Mwezi wa pili Bwana Misitu, ofisa wa serikali aliyesimamia misitu, alikuja kukagua, nami nikaitwa nyumbani kwa Mzee Rajabu kupika. Nilipika wali na kuku wa nazi. Jiko lilikuwa nyuma ya ukumbi, na ukuta ulikuwa umepasuka ufa wa kuingia vidole viwili, kwa hiyo kila neno lilinifikia pamoja na moshi wao wa sigara. Bwana Misitu alisema Kiswahili cha kuhesabu maneno. "Mwaka jana mimi nilihesabu miti hapa. Imekufa karibu yote. Mwaka juzi vilevile. Mwaka huu nitakuja mwezi wa kumi, kabla ya mvua ndogo. Nikikuta imekufa, mimi nafunga hapa. Watu wote watoke." Mzee Rajabu alijibu, "Itaota, bwana." Yule akasema, "Kuota inaota. Mimi nasema kuishi." Nikasikia kijiko kikigusa sahani. Nilingoja Mzee Rajabu atoke awaite watu awaambie. Hakutoka, wala hakuita mtu siku ile, wala siku zilizofuata. Nadhani sasa, kwa kuwa nimefika umri wake na kuupita, kwamba hakuwa mwovu. Alikuwa mtu aliyeogopa, akatumaini kwamba jambo lisiposemwa litachoka lenyewe.

Nilimwambia Bi Kidawa. Hakushtuka. Alinichukua mpaka ukingoni mwa msitu uliosalia, chini ya mbambakofi mmoja mkubwa walioacha kwa ajili ya mbegu, akanionyesha miche iliyoota yenyewe mwaka uliopita. Mingine ilikuwa imefungwa uzi wa ukili shinani. "Hii niliifunga mimi," alisema. "Iliyotoka ardhini wiki ya kwanza ya mvua, nilifunga. Iliyotoka baadaye, niliiacha. Sasa tazama." Iliyofungwa, mingi ilikuwa hai, majani magumu kama ngozi. Isiyofungwa ilikuwa vijiti vikavu, nami nilipovigusa vilikatika. Akachimbua mche mmoja hai na kijiti kimoja, taratibu, kwa ncha ya panga. Mzizi wa ule ulio hai ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwikoni, na bado mwisho wake ulibaki ardhini. Wa kile kijiti haukuzidi kidole. "Mvua ilikuwa moja, udongo mmoja, mama yao mmoja," alisema. "Huu ulipata wiki tatu za jua kabla nyasi hazijaufunika, ukatumia kushuka chini. Mwenzake aliamka akakuta giza. Kiangazi kilipokuja, maji yalikuwa chini, na yeye hakuwahi kufika."

Nilielewa. Pale kambini kila mwaka watu walipanda mahindi kwanza, maana ndiyo chakula, wakayapalilia, na ndipo Mzee Rajabu alipofungua ghala kugawa mbegu za miti. Miche ilitoka mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Ilikuwa kijani, ya kupendeza, na mwezi wa nane ilikufa yote. Bi Kidawa alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo barazani mwaka uliotangulia. Mzee Rajabu alimjibu kwamba mvua ya kwanza ni ya kudanganya, hunyesha siku tatu ikatoweka, na anayetoa mbegu kwa mvua hiyo anazitupa. Na hilo pia lilikuwa kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa mambo yote niliyotaka kueleza: kila mmoja wao alikuwa amesema kweli.

Tuliokota mbegu zetu wenyewe chini ya ule mti, nyeusi, kila moja na kofia yake nyekundu. Tulizisugua ubavu kwenye jiwe mpaka weupe ukaonekana, tukaziloweka, na mvua ya kwanza ilipogusa ardhi mwezi wa tatu tukazipanda, kwake na kwetu, kabla ya punje moja ya mahindi. Hamisi alirudi kutoka kukata boriti akanikuta nimepiga magoti matopeni. "Watu wanakula miti?" aliuliza. Nilimweleza niliyoyasikia jikoni. Akasema, "Kama mjomba hajasema, basi hujasikia." Lakini hakuzifukua zile mbegu.

Mvua ilinyesha siku nne, ikakatika. Miche ilitoka katika jua kali, shingo zimepinda, kisha ikasimama na kufungua majani yake ya kwanza, laini kama masikio ya mtoto. Mawingu yalipita kuelekea Saadani bila kutua. Siku ya kumi ya jua watu walianza kututazama tukipita. Siku ya kumi na tano kisima, kilichokuwa kimechimbwa katika mchanga wa kijito, kilianza kutoa maji ya matope, na Mzee Rajabu akaweka amri: kila nyumba madebe mawili kwa siku, ya kunywa na kupikia, na asiyeruhusiwa asisogee kisimani kabla jua halijatoka. Maji ya kuoga, ya kuosha mchele, ya kutawadha, yote tuliyakinga sufuriani tukayapeleka kwa kata, kijiko kwa kila mche. Hayakutosha. Niliona majani yakianza kujikunja kingoni. Bi Kidawa aliyatazama akasema, "Itakayokufa ife. Itakayobaki ndiyo yetu." Alisema hivyo na kuingia ndani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuweza kuiacha miche ife.

Nilikwenda kisimani alfajiri, kabla ya adhana, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilichukua kanga ya Bi Kidawa iliyokuwa imeanikwa uani, nyekundu iliyokolea, yenye kiraka pembeni, nikaisokota kuwa ngata ya kuwekea debe kichwani. Sikumwomba. Nilikuwa nimejaza debe na kuinama nijitwike niliposikia mtu akikohoa njiani. Nilikimbia na debe mkononi, maji yakinimwagikia miguuni, na ngata ikabaki pale juu ya mchanga. Niliyamwagia miche hata hivyo. Asubuhi ile kisima kilitoa tope tupu mpaka adhuhuri. Na asubuhi ileile mtoto wa nyumba ya tatu, Shabani, alikuwa na homa kali, na mama yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba maji ya kumpoza. Kwetu alikuja pia. Nilimjazia kikombe chake maji yaliyokuwepo.

Mchana, tukila ugali wa muhogo na kisamvu, nilimwambia Hamisi. Aliacha kula. Alinawa mikono kwa maji kidogo sana, akaikausha polepole. "Ukisema, mjomba hatakuwa na njia," alisema. "Ataanza na nyumba ya mpwa wake ili watu waone haki. Bi Kidawa ana binti Lugoba mwenye nyumba. Sisi tuna nani?" Nilimwambia hakuna aliyemtaja Bi Kidawa. Akasema, "Kanga yake iko mikononi mwa mjomba tangu asubuhi."

Baraza ilikaa baada ya sala ya alasiri, mbele ya nyumba ya Mzee Rajabu, wanaume mkekani, wanawake ukutani. Mama yake Shabani alikuwa amempakata mwanawe, kichwa cha mtoto kimelala begani kwake. Mzee Rajabu aliinua ile kanga. "Hii imeokotwa kisimani. Ni ya nani?"

Bi Kidawa aligeuka akanitazama. Mara moja tu, kama mtu anayetazama saa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba haikuwepo, lakini ilikuwepo. Nilitazama chini, nikaona tope lililokauka kwenye vidole vya miguu yangu, nikaivuta miguu chini ya nguo.

"Kanga ni yangu," alisema Bi Kidawa.

"Na maji?"

"Nimesema kanga ni yangu."

"Kwa ajili ya miti," alisema mama yake Shabani, bila kupaza sauti. "Mwanangu alikuwa anaungua, na wewe unanywesha miti."

Bi Kidawa hakumjibu. Ile ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa la kusema, na nilijua kwamba hakuwa amekosa. Mzee Rajabu aliamua atoke kambini kesho yake, na kipande chake kiangaliwe na nyumba ya jirani mpaka apatikane mtu mwingine. Nyumba ya jirani ilikuwa yetu.

Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa anafunga sufuria zake mbili katika mkeka. Nilianza kulia, akaniambia nisimcheleweshe, jua litamkuta njiani. Alichosema kuhusu jambo letu kilikuwa hiki tu: "Mvua ikirudi nyasi zitaota kuliko kitu chochote. Palilia miche kabla ya mahindi. Usiache nyasi ziipite." Akajitwika mzigo akaondoka. Mvua ilirudi siku ya nne baada ya hapo, kubwa, ikipiga paa la makuti usiku na mchana. Watu walicheka, wakapanda mahindi, na Shabani alipona akawa anakimbia matopeni pamoja na wenzake. Nilihesabu miche. Karibu nusu ilikuwa imekufa kwa jua. Iliyobaki ilikuwa imeshatangulia: mahindi yalipochomoza, yenyewe ilikuwa na majani manne.

Nilifanya kazi mwaka ule kama mtu anayefukuzwa. Nilipalilia vipande viwili, nikianza na cha Bi Kidawa. Hamisi alinisaidia jioni bila kuombwa. Wenzetu walipewa mbegu mwezi wa tano, mahindi yakiwa marefu, na miche yao ikatoka kijani na mingi, mingi kuliko yetu, hata mama mmoja akanionea huruma kwa uchache wa yangu. Mvua zikaisha. Mwezi wa saba upepo ukawa mkavu. Mwezi wa nane nilikuwa nikipita mashamba ya watu kila asubuhi nikitazama, na kila asubuhi kulikuwa na manjano zaidi. Sikufurahi. Nilijua nyuma ya kila mche mkavu kulikuwa na nyumba yenye watu ambao hawakuwa wameambiwa kitu.

Bwana Misitu alikuja mwezi wa kumi kama alivyosema, pamoja na mlinzi wa msitu, Salehe, kijana mpole aliyetembelea baiskeli. Walipita kipande kwa kipande, Salehe akivuta kamba na kutaja hesabu, bwana akiandika. Sisi sote tulifuata nyuma. Baada ya vipande vitano bwana aliacha kuandika, akatembea tu. Hapo ndipo alipowaambia watu kwa kinywa chake mwenyewe kile Mzee Rajabu alichokificha: kwamba kambi inafungwa. Mwanamke mmoja alikaa chini palepale njiani. Kisha wakafika kwa Bi Kidawa na kwetu. Salehe alitaja hesabu, akairudia. Bwana aliinama akashika shina la mche mmoja, akauvuta kidogo, ukakataa. Ulikuwa unamfika gotini. "Hapa nani alifanya?" aliuliza.

Mzee Rajabu alisema, "Ni nyumba ya mpwa wangu, bwana." Nami nikasema, "Ni Bi Kidawa. Alipanda mvua ya kwanza, kabla ya mahindi. Mlimfukuza." Bwana alitaka aelezwe yote, nikamweleza habari ya nyuzi za ukili na mizizi. Akatazama tena vile vipande viwili vya kijani katikati ya ukavu. Akasema atatoa mwaka mmoja zaidi, na watu wote wapande hivyo. Watu walinishika mikono. Mama yake Shabani pia alinishika, naye akasema, "Hata kama aliiba maji, Mungu ampe kheri." Nilisema amina. Ndiyo, nilisema.

Kesho yake nilikwenda Lugoba kwa miguu. Nilimkuta Bi Kidawa nyumbani kwa Mwanahawa, akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Nilimwambia kwamba Mzee Rajabu yuko tayari kumrudisha, kwamba watu wamemsamehe.

"Nirudi kama nani?" aliuliza. "Kama mwizi aliyesamehewa?"

"Bi Kidawa, nisamehe."

"Maji nilikusamehe siku ileile. Ulikuwa mjinga na miche ilikuwa na kiu. Ile baraza bado." Alipeta ungo, akapuliza makapi. "Mwanahawa, mpe mgeni chakula. Ana safari ya kurudi."

Nilikula wali na samaki mkavu, nikarudi. Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, nilimwomba Mzee Rajabu awakalishe watu. Sikumwambia Hamisi, ili akiulizwa aweze kusema hakujua. Nilisimama pale ukutani nikasema kwamba kanga ilikuwa ya Bi Kidawa, lakini mwizi nilikuwa mimi, alfajiri tatu, na kwamba yeye hakujua mpaka alipoiona ile kanga mkononi mwa msimamizi. Nilisema niliinywesha miti siku aliyougua Shabani. Maneno hayo nilimwelekezea mama yake, kwa kuwa yalikuwa yake. Alinitazama muda wote. Nilipomaliza alisema, "Nilikuja kwako na kikombe," akanyanyuka na mwanawe akaenda zake.

Mzee Rajabu alisema adhabu haiwezi kuwa nyingine ila ileile. Alisema bila hasira, karibu kwa huzuni. Nilimtazama Hamisi, nikingoja aseme neno lolote, hata la kunilaani. Alikuwa anachora mkekani kwa kidole. Talaka ilinifuata miezi miwili baadaye, imeandikwa vizuri. Sikuwahi kumlaumu. Nilichokiona usoni kwake siku ile nilikuwa nimekibeba mimi mwenyewe miezi saba.

Niliondoka asubuhi na kifurushi kimoja. Mzee Rajabu alikuwa amemtuma Salehe na baiskeli kwenda Lugoba tangu jioni kupeleka habari, na katikati ya njia, pale inapokata kijito, nilimwona Bi Kidawa akija, mkeka na sufuria kichwani. Nilimwamkia. Aliitikia.

"Umesema?" aliuliza.

"Nimesema."

"Walikuwepo wote?"

"Wote. Mama yake Shabani alikaa mbele."

Alitua mzigo wake chini. Akanitazama, safari hii bila haraka, kisha akakitazama kifurushi changu. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akautia mkononi mwangu.

"Chumba changu kiko ubavuni mwa jiko," alisema. "Mwambie Mwanahawa nimekutuma mimi. Kitanda kina mguu mmoja mbovu. Lalia upande wa ukutani."

Nikamsaidia kujitwika. Akashika njia ya kambini, nami nikashika ya Lugoba.